Binamu, May Parker alikuwa ameshazikwa

Binamu yangu, habari za huko, natumai watoto hawajambo. Ile meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu nikashindwa kuijibu kwa mistari miwili, kwaiyo nakuandikia hapa wazi na wengine wasome, maana najua hauko peke yako unayesema kuhusu mashujaa wa vitabu vya katuni (komiki) "si michoro tu, akifa akirudishwa we inakuuma nini". Inaniuma, na nataka nikuoneshe inaniuma wapi.

Unakumbuka kwenye banda la video tulikuwa tunaambiana staringi hafi. Sawa, staringi hafi. Superman alipouawa na lile jitu Doomsday mwishoni mwa 1992 ile ilikuwa biashara, toleo linauzwa limefungwa kwenye mfuko mweusi na ndani wameweka kitambaa cheusi cha kuvaa mkononi kama uko msibani, watu wakapanga foleni, mwaka uliofuata jamaa karudi na nywele ndefu. Hiyo hainisumbui sana. Mhusika ni mali ya kampuni, mwandishi wa leo anaua anaondoka, anakuja mwingine aliyempenda marehemu tangu utotoni anamfufua, basi inaanza upya.

Ila May Parker, binamu. Yule ambaye kwetu Peter, yaani Spider-Man mwenyewe akivua barakoa, angemwita mama mkubwa, maana ni mke wa kaka yake baba yake, ndiye aliyemlea. Mwaka 1995, toleo namba 400 la Spider-Man, akapanda na Peter juu ya jengo la Empire State akamwambia anajua yeye ni nani, na amejua siku nyingi. Miaka yote kijana anajificha, anaogopa mama wa watu atapata presha akijua, kumbe mama anajua na amenyamaza. Afu akafa kitandani kwake, uzee tu, hakuna adui wala bomu. Mi hilo toleo nimelisoma miaka mingi baada ya kutoka, kwenye simu, wiki ile tuliyomaliza arobaini ya bibi, we ulikuwa umesharudi kazini, mi nimebaki na mama tunapanga kanga zake. Nililia binamu, kilio ambacho msibani sikukilia kwa sababu msibani nilikuwa mtu wa kutafuta maturubai na kuhesabu sahani.

Sa mwaka 1998 wakaja kutuambia yule hakuwa May. Eti alikuwa mwigizaji aliyegeuzwa umbo, mpango wa Norman Osborn, adui mkubwa wa Spider-Man, May mwenyewe yuko hai kafichwa. Unaona walichochukua hapo? Wamemrudisha mtu, na wamefuta yale maneno ya kule juu, kumbe aliyesema najua mwanangu ni mgeni tu anaigiza. Mtu akirudi na kurudi kwake kukafanya kuaga kwake kuwe uongo, mi nakataa, hata awe nampenda vipi.

Sio kwamba sitaki arudi yeyote. Bucky Barnes, yule kijana msaidizi wa Captain America, nilimkubali. Tangu 1964 tuliambiwa alikufa mwishoni mwa vita kuu ya pili na ndege iliyolipuka, Captain America akatolewa kwenye barafu na huzuni ya yule kijana wake, na kwa miaka kama 40 kila msomaji alijua Bucky haguswi. Mwandishi Ed Brubaker akamrudisha 2005, lakini akamrudisha na mkono wa chuma, kichwa kimefutwa, Warusi wamemtuma kuua watu miaka nenda miaka rudi, na siku anayokumbuka ndio mateso yake yanaanza. Alikuja na kifo chake mwilini. Yule kijana wa zamani hakurudi. Jason Todd, yule Robin msaidizi wa Batman, naye namuelewa, maana 1988 ni wasomaji wenyewe walipiga simu za kulipia wakamuua kwa kura 5,343 dhidi ya 5,271, yaani kura 72 tu, kwaiyo aliporudi na kumuuliza Batman kwanini Joker aliyemuua bado anapumua alikuwa na haki ya kuuliza.

Kule kwa X-Men, lile kundi la mashujaa waliozaliwa na nguvu zao, 2019 wakafika mahali watano kati yao wanaunganisha nguvu na marehemu anatoka kwenye yai akiwa na kumbukumbu zake. Wazo wamelifanyia kazi kweli, sikatai, ila nikajikuta mtu anauawa mi nafunua tu ukurasa unaofuata, moyo haushtuki hata kidogo.

Gwen Stacy, yule mpenzi wa Peter aliyekufa akianguka, yeye wamwache. Tangu 1973 Peter anaishi na ule utando wake uliomdaka mguu na kile kimlio kidogo cha kuvunjika kilichoandikwa karibu na shingo. Yule Gwen wa ulimwengu mwingine aliyekuja 2014 sina ugomvi naye, ni mtu mwingine kabisa mwenye maisha yake.

Na ndio maana nataka usome kitabu cha kifo cha Mar-Vell, yule shujaa Captain Marvel, cha 1982, Jim Starlin kaandika na kuchora mwenyewe, kansa inamuua baba yake mzazi naye anaandika shujaa anayekufa kwa kansa. Mashujaa wote wamekusanyika pale, wenye nguvu za kubeba milima na wenye akili za kujenga mashine za kila aina, na hawana la kufanya, wanaingia mmoja mmoja kumuona mgonjwa kama tulivyokuwa tunaingia sisi kwenye chumba cha bibi, unakaa pembeni hujui mikono uiweke wapi. Jumapili mama mdogo anakuja huko, nimempa akuletee. Kisome usiku mmoja usikatishe, na ukimaliza usinitumie meseji binamu, nipigie.