Shukrani kwa mama wa Port Louis

Mama, sikuwahi kukuuliza jina, na nilipogeuka kukushukuru ulikwishaondoka. Basi shukrani zangu nazitoa hapa, mbele ya watu.

Pale Blue Penny Museum, jumba la makumbusho la Port Louis, mji mkuu wa Morisi, zile stempu mbili za Morisi za 1847 huwashiwa taa kwa muda mfupi tu, rangi zisipauke. Muda huo ukautumia kunionyesha, chini ya shingo ya Malkia Victoria, herufi ndogo mno: J.B. Yaani Joseph Osmond Barnard, Mwingereza aliyezamia meli, akateremshwa Port Louis mwaka 1838, akaishi kwa kazi ya kuchonga. Bamba moja la shaba, stempu 500 za peni moja na 500 za peni mbili.

Wengi bado humsimulia Barnard kama fundi saa, nusu kipofu, aliyekosea akaandika kwenye stempu “Post Office” (ofisi ya posta) badala ya “Post Paid” (posta imelipiwa). Ukanieleza kwa upole kwamba maneno “Post Office” yalikuwamo kwenye mihuri ya posta ya kisiwa wakati ule. Fundi wa watu amesingiziwa miaka mingi! Asante sana kwa kumtetea, mama. Mungu akuzidishie.