Kiti cha Sudan kibaki wazi mpaka raia wakikalie: barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika

Bukavu, Kivu Kusini

Kwa Mheshimiwa Mahmoud Ali Youssouf,
Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika,
Addis Ababa

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu kutoka Bukavu. Nakuandikia kwa Kiswahili, ambacho wakuu wa nchi zetu walikipitisha Februari 2022 kuwa lugha ya kazi ya Umoja, kwa hiyo naamini barua hii haitakosa msomaji ofisini kwako. Jina langu sitaliweka chini. Kwa jinsi mji wetu ulivyo leo, wewe mwenyewe unaelewa kwa nini.

Ombi langu linahusu Sudan. Kiti cha nchi hiyo katika Umoja wa Afrika, iliyosimamishwa uanachama tangu mapinduzi, kisirudishwe kwa waliopindua serikali tarehe 25 Oktoba 2021, wala wasikisogelee wale waliowachinja watu El Fasher. Kibaki wazi mpaka raia wa Sudan wakikalie wenyewe.

Huenda ukajiuliza mtu wa Kadutu, hapa Bukavu, ana lipi na Khartoum, wakati kwake hakujatulia. Hata hapa mtaani nimeulizwa hivyo, tena kwa ukali. Mheshimiwa, siku ulipochaguliwa, tarehe 15 Februari 2025, sisi tulikuwa tumejifungia ndani, tumelala sakafuni mbali na madirisha. Kesho yake Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23. Mtu aliyelala sakafuni namna ile anategea sikio kila neno linalotoka nje, maana anataka kujua kama yupo mahali fulani mkubwa anayekataa kuyazoea haya. Tangu hapo sijaweza kusoma habari za Sudan kama habari za watu wengine.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni El Fasher. Wapiganaji wa RSF, kikosi chenye silaha kinachopigana na jeshi la Sudan, waliuzingira mji huo wa Darfur Kaskazini kuanzia Mei 2024, na mzingiro ukapita siku 500. Waliinua tuta la udongo kuuzunguka, mtu asitoke na gunia la mtama lisiingie. Karibu na mwisho UNICEF ilikadiria kwamba raia 260,000 walikuwa bado wamenaswa humo, nusu yao watoto. Walikuwa wakila ambaz, yaani mashudu ya karanga yanayobaki baada ya kukamua mafuta, chakula cha mifugo. Nilipowasomea akina mama wa soko la Kadutu rasimu ya barua hii, mmoja wao, muuza sambaza, aliweka beseni lake chini akaniuliza mashudu hayo wanayapikaje. Nikamwambia wanayalowesha, kisha wanayachemsha. Akauliza, "Na watoto wanapewa hayo hayo?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena. Alitoa noti ya franka 500 akaiweka mezani, isaidie kuchapa barua.

Tarehe 26 Oktoba 2025 mji ukaanguka. Wauaji walijirekodi kwa simu zao wenyewe wakiwapiga risasi watu wasio na silaha. Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa za kuuawa kwa watu zaidi ya 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, katika Hospitali ya Uzazi ya Saudia. Kivu Kusini habari ya namna hiyo haiingii sikio hili ikatokea lile. Oktoba 1996, kule Lemera, wagonjwa waliuawa wakiwa vitandani, katika hospitali iliyokuwa ikiongozwa na Daktari Denis Mukwege, huyu huyu ambaye baadaye aliianzisha hospitali ya Panzi na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa ajili ya Lemera. Naogopa El Fasher itafuata njia hiyo hiyo.

Ulilaani mauaji ya El Fasher, Mheshimiwa, na tunakushukuru. Baraza lako la Amani na Usalama pia lilikataa kuitambua serikali ambayo RSF na washirika wake waliitangaza katikati ya mwaka 2025. Hapo mlisimama vizuri. Hofu yangu iko upande wa pili.

RSF haikuanguka kutoka mbinguni. Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, mkuu wa jeshi, na Mohamed Hamdan Dagalo, kiongozi wa RSF, yule wanayemwita Hemedti, walifanya mapinduzi ya Oktoba 2021 bega kwa bega, mmoja mwenyekiti wa Baraza Kuu la Utawala na mwingine makamu wake. Walimkamata Waziri Mkuu Abdalla Hamdok, wakakata intaneti, na watu walipoingia barabarani wakapigwa risasi. Tarehe 17 Novemba 2021 peke yake waliuawa watu wasiopungua 15, wengi wao Bahri, ng'ambo ya mto kutoka Khartoum. Kamati ya madaktari iliendelea kuhesabu maiti wiki baada ya wiki, hadi hesabu ikapita 100. Kisha tarehe 15 Aprili 2023 majenerali hao wawili wakageuziana bunduki, na tangu hapo zaidi ya watu milioni 12 wameyahama makazi yao. Ndege za jeshi zimepiga masoko yaliyojaa watu. Sasa mmoja wa wawili hao anabisha hodi Addis akijiita dola, na mwenzake anaitwa mwasi. Kwa mama aliyempoteza mwanawe Bahri mwaka 2021, wote wawili ni wale wale.

Mei 2025 Burhan alimteua Kamil Idris kuwa waziri mkuu, na Kamisheni yako ikaukaribisha uteuzi huo kama hatua ya kuelekea utawala wa kiraia. Niliposoma hivyo niliumia. Waziri mkuu aliyewekwa na jenerali, ambaye jenerali anaweza kumwondoa asubuhi yoyote, hana tofauti na Hamdok yule aliyerudishwa ofisini Novemba 2021 chini ya mtutu na kulazimika kujiuzulu Januari 2022. Kuvaa suti hakumfanyi mtu kuwa utawala wa kiraia.

Nasema haya kwa sababu nimeona mlango ukifunguliwa kwingine. Chad, mwaka 2021, mtoto alirithi kiti cha baba kwa amri ya wanajeshi, na Umoja haukuisimamisha nchi hiyo hata siku moja. Gabon, kiongozi wa mapinduzi ya Agosti 2023 aligombea urais Aprili 2025, akashinda, na kabla mwezi haujaisha vikwazo vikaondolewa. Lakini Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala, uliopitishwa mwaka 2007, unasema wazi katika Ibara ya 25, kifungu cha 4: waliofanya mapinduzi wasishiriki uchaguzi wa kurudisha utawala wa katiba, wala wasishike wadhifa katika taasisi za dola. Wanajeshi wa bara hili wanausoma mkataba huo kwa makini kuliko tunavyodhani, na wameshajua ni ibara gani haiwatishi.

Na msituambie kwamba kusimamisha uanachama hakusaidii. Tarehe 3 Juni 2019, baada ya Rais Omar al-Bashir kuondolewa, vikosi vilivamia wananchi waliokuwa wamepiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na miili mingine ikaopolewa Mto Nile. Siku tatu baadaye Umoja wa Afrika uliisimamisha Sudan. Intaneti ilikuwa imekatwa, lakini tarehe 30 Juni watu walijaa barabarani nchi nzima. Mpatanishi wenu alikaa Khartoum pamoja na mjumbe wa Ethiopia mpaka makubaliano yakatiwa saini tarehe 17 Agosti, na serikali ya Hamdok ilipoundwa Septemba, ndipo kiti kikarudishwa. Addis ilibana, barabara zikabana, majenerali wakasogea. Bila watu wa barabarani msingefika popote, hilo nalijua. Lakini nao waliwahitaji ninyi.

Raia wa nchi nyingine za Afrika wamekuwa wakiwatetea Wasudani hata pale serikali zetu zilipogeuza uso. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata al-Bashir mwaka 2009 kwa ajili ya uhalifu wa Darfur. Wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Sirte, Libya, mwaka huo waliamua kutoshirikiana na mahakama hiyo. Wananchi hawakuamua hivyo. Alipoalikwa Nairobi mwaka 2010, wanasheria wa Kenya walikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaamuru akamatwe akikanyaga tena nchi hiyo. Februari 2014 alikuja kwetu Kinshasa kwa mkutano wa COMESA, jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Makumi ya mashirika ya kiraia ya Kongo yalidai akamatwe. Serikali yetu ilimpokea na kumsindikiza. Juni 2015 akaenda Afrika Kusini kwa mkutano wa Umoja wenu. Wanasheria wa huko walikimbilia Mahakama Kuu ya Pretoria siku ya Jumapili wakapata amri ya kumzuia asiondoke. Jumatatu ndege yake ikaruka kutoka uwanja wa kijeshi wa Waterkloof, majaji wakiwa bado kwenye kesi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ilisema serikali ilivunja sheria.

Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyekuwa Msudani. Walipoteza muda na pesa, na wengine waliitwa vibaraka wa wazungu, kwa ajili ya watu wa Darfur ambao hawakuwahi kuwaona. Mshikamano wetu huwa una gharama. Machi 2015 vijana wa Senegal na Burkina Faso walikuja Kinshasa kukutana na vijana wenzao wa Kongo, wakakamatwa pamoja nao. Wageni walifukuzwa nchini, na wawili wetu, Fred Bauma na Yves Makwambala, wakakaa jela hadi Agosti 2016.

Bukavu nayo ina deni. Mwaka 1996 Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliandika barua za wazi kwa wakubwa wa dunia, akiomba raia na wakimbizi walindwe. Aliuawa tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo, pale Nyawera, katikati ya mji. Barua zake zilifika, zikasomwa, na hakuna aliyekuja. Lakini Oktoba 2010 wanawake wa Matembezi ya Wanawake ya Dunia walikuja kufungia safari yao hapa kwetu. Walitoka mabara yote, wakapanda hadi Mwenga kuwakumbuka wanawake waliozikwa wakiwa hai mwaka 1999, na tarehe 17 wakatembea barabara zetu pamoja na maelfu ya mama zetu. Hawakuleta mkataba wala jeshi. Lakini waliokuwapo bado wanaisimulia siku ile, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mtu wa mbali alikuja kusikiliza badala ya kuhesabu.

Mheshimiwa, wapo Wasudani wa kukalia kiti hicho. Dola ilipokimbia, vijana waliotoka katika kamati za mapambano za mitaani walianzisha Vyumba vya Dharura. Wanapika chakula cha jumuiya katika majiko yanayoitwa takaya, wanatafuta dawa, wanawatoa watu kwenye mitaa inayopigwa mabomu. Pande zote mbili za vita zimewakamata na kuwaua. Mwaka 2025 walipewa Tuzo ya Rafto ya Norwe, na Tuzo ya Right Livelihood ya Uswidi. Norwe na Uswidi wameona kazi yao. Kwenye meza ya mazungumzo ya Umoja wa Afrika bado wanaitwa mwishoni, wasikilizwe robo saa baada ya wenye bunduki kumaliza.

Basi kwenye kikao kijacho cha Baraza la Amani na Usalama kuhusu Sudan, waite wao kwanza. Jopo la Mheshimiwa Mohamed Ibn Chambas, ambalo limekuwa likizungumza na pande za Sudan tangu mwaka 2024, liwape nafasi ya kujadili ajenda yenyewe badala ya kuikuta imeandikwa. Ukiletewa ombi la kuirudisha Sudan kwa sababu kuna baraza jipya la mawaziri, lisomewe Ibara ya 25 kabla ya kura. Na kwa El Fasher, Kifungu cha 4(h) cha Katiba ya Umoja, kinachoupa Umoja haki ya kuingilia kati panapokuwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya halaiki au uhalifu dhidi ya ubinadamu, kijadiliwe waziwazi, na nchi itakayokipinga ifahamike kwa jina.

Nakala ya barua hii tunaituma Goma, Lubumbashi na Kinshasa kwa wenzetu wa mashirika ya kiraia, ili kila mmoja aipeleke kwa mbunge wake. Nakala nyingine iko njiani kwenda kwa Wasudani walioko Kampala na Nairobi. Jibu lako tutalisoma hadharani, kwa Kiswahili, sokoni Kadutu.

Wako kwa heshima,

Mjumbe wa mashirika ya kiraia
Kadutu, Bukavu