Fungu la Kwanza Lisitoboe Siri

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi ya huko Minneapolis. Barua yako imefika. Unasema kwenye mahjong ya Kimarekani, kila ukiita kete iliyotupwa na mwenzako na kulaza fungu la kwanza la kete zinazofanana mezani, wenzako wanaanza kukubania kete unazozihitaji, na wewe ukitaka kubadili mkono, yaani mpangilio unaoutafuta, unakuta umeshajifunga. Hayo ni matatizo mawili. La kwanza ni kwamba fungu lako linawaonyesha wenzako unachokitafuta; la pili ni kwamba linakuacha na njia moja tu. Ukiweza kuyakwepa yote mawili, vizuri sana. Ukilazimika kuchagua, mimi ningechagua kubaki na njia mbili za kweli, hata wenzangu wakinusa kidogo.

Kadi ya National Mah Jongg League, yenye mistari ya mikono inayoshinda, hubadilika kila mwaka, kwa hiyo mistari nitakayoitumia hapa ni ya mfano. Ihakikishe kwenye kadi iliyo mbele yako. Tuseme kuna mstari wa namba zinazofuatana, wa aina moja ya kete (aina ni tatu: doti, bamu na kraki): 11 222 3333 444 55. Na kwenye sehemu ya 2468 kuna mstari wa aina mbili: 222 444 za aina moja, kisha 6666 8888 za aina nyingine. Yote miwili ina kete 14.

Sasa una 2 mbili na 4 mbili za doti, una 3 za doti, na una 6 za bamu. Mtu akitupa 2 ya doti, iite ulaze 222. Pungi hiyo, yaani fungu la kete tatu, inaingia mistari yote miwili. Ikifuata 444 ya doti, nayo inaingia yote miwili! Umeshalaza kete sita, mkononi zimebaki saba, na anayekuangalia hajui abanie 3 za doti au 6 na 8. Tena hajui kama hizo 6 na 8 ni za bamu au za kraki. Mafungu mawili kama haya ni ya kutafutwa, kwa sababu kwa kawaida fungu la pili ndilo linaloanika kila kitu.

Hapo hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wana jokari mkononi, ile kete inayosimama badala ya nyingine, wanaona kete nne ni bora kuliko tatu, wanaiongeza. 2222 haiingii hata mstari mmoja kati ya hiyo miwili. Ukubwa wa fungu una uzito sawa na namba yake: kabla hujaita, usiulize tu ni mikono mingapi yenye 2, uliza ni mingapi yenye 2 tatu. Ukishtuka kabla hujatupa kete, unaruhusiwa kuongeza au kupunguza kwenye fungu. Ukishatupa, basi. Na mafungu yako yakiwa hayalingani na mkono wowote wa kwenye kadi, mwenzako yeyote anaweza kutangaza kwamba mkono wako umekufa. Unakaa kutazama, na aliyeshinda bado unamlipa.

Jozi ziangalie kuliko kitu kingine. Jokari haiingii kwenye jozi wala kwenye kete ya peke yake, na kete iliyotupwa huwezi kuiita kwa ajili ya jozi isipokuwa ndiyo inayokupa mahjong. Mstari wetu wa kwanza una jozi mbili, 11 na 55. Wa pili hauna jozi hata moja. Kwa hiyo kama huna hata 1 moja ya doti, huna njia mbili. Una njia moja na pazia. Pazia lina faida yake, lakini usilihesabu kama njia. Kinyume chake, ukishapata 11 na 55 halisi mapema, mstari wa kwanza unakuwa mzuri ajabu, maana kilichobaki ni 3333, na hapo jokari zinaruhusiwa.

Pungi ya kwanza ilaze kwa kete halisi ukiweza. Jokari iliyo mezani ni mali ya yeyote mwenye kete inayolingana: zamu yake ikifika anabadilishana, na wewe umemlisha. Jokari iliyo mkononi mwako inaweza bado kwenda kwenye 3 au kwenye 6. Ukiwa na 2 moja tu na jokari mbili, na ukuta, yaani kete ambazo bado hazijachukuliwa, bado mrefu, nyamaza tu. Kete inayofanana inaweza kuja tena.

Namba nazo hazisemi kwa sauti moja. 3 na 9 zinaweza kuwa za sehemu ya 13579 kwenye kadi, za 369 au za kufuatana; 6 inaweza kuwa ya 2468, ya 369 au ya kufuatana. Hizo ndizo zinazoficha zaidi. Pepo (kete za mashariki, kusini, magharibi na kaskazini) hutoboa siri haraka, na kwinti, fungu la kete tano, zaidi, kwa sababu mikono inayoihitaji ni michache. Jambo moja halifichiki: ukishalaza fungu lolote, kila mtu anajua huchezi mkono uliofungwa, ule usioruhusu kulaza fungu kabla ya kushinda, wala hutafuti mkono wa single (kete za peke yake) na jozi tupu.

Kisha kuna kete unazotupa. Watu hulaza fungu zuri lenye utata, halafu mara moja wanatupa 6 ya bamu na 8 ya bamu, na meza nzima inasoma. Anza kutupa zisizoingia mstari wowote kati ya miwili: pepo, 7, 9. Ya mstari unaouacha itupe mwisho, tena moja moja.

Lini uamue? Baada ya kugawa, ukuta una kete 99, na zinaisha haraka kuliko unavyodhani. Ukifika karibu nusu, hesabu 3 za doti zilizokwisha kutupwa au kulazwa na wengine. Zikiwa mbili, 3333 itakudai jokari mbili au zaidi. Kama huna, nenda kwenye 6 na 8. Ikitupwa 1 tatu za doti, jozi ya 11 imekufa kabisa, hata uwe na jokari tano. Usisubiri mwenzako akuamulie kwa kukutupia kete. Yule anayetupa kete inayokupa ushindi hulipa maradufu, kwa hiyo mwishoni mwa ukuta hakuna atakayekutupia kwa bahati mbaya.

Niandikie kadi yako ina mistari gani yenye pungi ya 6, tuipitie pamoja. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako akupendaye,
Shoga yako