Shoga, mwezi umeniumbua

Kigamboni, Dar es Salaam
14 Aprili

Kwako shoga yangu Rehema,

Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Haya, ya darasa la tano yameisha. Mimi mzima, watoto wazima, Baba Nasri analalamikia goti kila siku na Jumapili huyohuyo uwanjani. Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu nimepiga mara mbili: ya kwanza ulikuwa kikaoni, ya pili vocha ikakata ndiyo kwanza nafika patamu. Sasa nakuandikia, na barua inakuja na basi pamoja na kifurushi. Ndani kuna ubuyu na pweza mkavu. Ufiche, maana nakumbuka yule jirani yako anayesema hapendi vya pwani halafu analamba sahani.

Shoga, nimewafundisha watoto uongo. Na si jana na juzi. Nimehesabu, ni miaka tisa.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita, kidato cha nne, kipindi cha baada ya chai. Unajua mada ya astronomia ilivyowekwa huko mwisho wa silabasi, tunaifikia watu wameshachoka, tunaikimbiza kama daladala ya mwisho. Mwaka huu nikasema naitanguliza. Sayari nane nikazimaliza dakika kumi. Mmoja akauliza Pluto iko wapi, nikamwambia ilishushwa daraja mwaka 2006 kwenye mkutano wa wanaastronomia huko Prague, wakacheka, mwingine akauliza kama itapanda tena msimu ujao. Darasa limechangamka, mimi kichwa kimevimba. Ndipo kijana mmoja akauliza kwa nini wale watu wa kwenye chombo cha angani wanaelea kama maputo. Nikajibu kama nilivyojibu miaka yote, tena nimeupa mgongo uso wa darasa, naandika ubaoni: kwa sababu huko juu hakuna mvutano.

Kuna binti anakaa nyuma, karibu na dirisha. Baba yake mvuvi. Si msemaji kabisa, hata majina yakiitwa inabidi umsogelee kumsikia. Akanyoosha mkono nusu, kiwiko bado kiko mezani. "Madam, kama huko juu hakuna mvutano, bamvua linaletwa na nini?"

Bamvua, lile la maji kujaa na kupwa kupita kiasi! Rehema, chaki ilisimama. Wiki mbili tu nyuma mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, nimewaambia maji ya bahari yanavutwa na mwezi. Na mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 na zaidi kidogo. Hicho chombo cha angani kiko kilomita 400 tu! Kutoka hapa hadi Dodoma ni mbali kuliko hapo. Sasa mvutano unafika mwezini na kurudi, lakini kwenye kilomita 400 haupo? Umekwenda wapi, chooni?

Unajua nilichofanya? Nikasema, "Swali zuri, tutaliangalia kipindi kijacho." Ile sentensi ile! Ya yule mwalimu wetu wa kemia, tuliyokuwa tukiiigiza bwenini. Halafu, na hili ndilo linaloniuma, nikamwambia yule binti akae vizuri. Alikuwa amekaa vizuri.

Usiku sikulala. Nikachukua daftari nikaanza hesabu kitandani, Baba Nasri anauliza kama ni madeni. Nisahihishe nikikosea, wewe wa jiografia. Kutoka kitovu cha Dunia hadi hapa nilipolala ni kilomita 6,371. Ongeza 400. Ukipiga hesabu, mvutano pale juu umebaki karibu asilimia 89 ya huu wa hapa. Yaani ukijenga mnara wa kilomita 400 ukanipandisha na mzani wa zahanati, hizi kilo zangu 70 zingesoma kama 62. Nisingeelea hata kidogo. Ningesimama kileleni, pumzi imekata, nimepungua kilo nane bila kuacha chapati.

Kwa hiyo wanaelea kwa nini? Kwa sababu wanaanguka, shoga. Wao, chombo, miswaki yao, vyote vinaanguka pamoja kwa mwendo mmoja, hakuna kinachokanyaga kingine. Na hawafiki chini kwa sababu wanakwenda pembeni mbio mno, karibu kilomita 28,000 kwa saa.

Hapo ndipo nikamkumbuka mzee Newton na mzinga wake juu ya mlima. Mlima wake ulikuwa wa kufikirika, mimi nikautumia wetu. Uweke mzinga Kilimanjaro, kwenye zile mita 5,895, uelekeze pembeni kabisa, na hewa yote tuiondoe isitusumbue. Piga kidogo, tufe linaangukia Himo. Ongeza baruti, linavuka mpaka bila pasipoti. Ongeza tena, linatumbukia baharini. Sasa lipige kwa mwendo wa karibu kilomita 8 kila sekunde. Katika sekunde hiyo ya kwanza linaanguka karibu mita 5, kama kitu chochote kinavyoanguka. Lakini Dunia ni mviringo, na katika kila kilomita 8 uso wake umejikunja kwenda chini karibu mita 5 hizohizo. Limeanguka, na ardhi imelikwepa. Sekunde inayofuata vilevile. Baada ya kama saa moja na nusu limezunguka Dunia nzima, linakuja kutokea nyuma ya mzinga, wewe uliyelipiga inama.

Mwezi nao ndiyo hivyohivyo. Nilikuwa najua hii kwa kukariri, sikuwahi kuihisi. Uko mbali mara 60 kuliko sisi tulivyo mbali na kitovu cha Dunia, kwa hiyo mvutano umegawanywa kwa 60 mara 60, yaani 3,600. Zile mita karibu 5 za sekunde ya kwanza, ukizigawa kwa 3,600, unapata milimita 1.4 hivi. Kila sekunde mwezi unatembea kama kilomita moja pembeni na unaanguka kuja kwetu karibu unene wa kadi mbili za benki. Na unatukosa. Saa tisa usiku nilitoka uani na kanga moja kuutazama. Ulikuwa mawinguni, bila shaka, masika haya.

Jumamosi nikaenda ufukweni kumtafuta yule binti? Hapana, sikuwa na ujasiri. Nilikwenda kutazama maji. Ilikuwa bamvua, saa nne asubuhi, bahari imekwenda zake hadi huko, akina mama wanachokoa pweza mahali ambapo saa kumi jioni ungeogelea. Ngalawa zimelala ubavu. Mzee mmoja anayeshona wavu akaniambia kesho yatachelewa, "kama saa nzima kasoro," na ndiyo, ni dakika 50 hivi, kwa kuwa mwezi nao unachelewa kuchomoza kwa kiasi hicho. Akaniambia mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bamvua. Ukiwa nusu, maji mafu, yanajaa kidogo na kupwa kidogo. Hajasoma kitabu changu hata kimoja. Nilichoongeza mimi ni sababu tu: kwenye mwandamo na mpevu jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, na nguvu ya jua ya kujaza na kupwesha maji haifiki hata nusu ya ile ya mwezi ingawa lenyewe ni dude, kwa sababu liko kilomita milioni 150. Akasikiliza kwa adabu kisha akauliza kama nanunua samaki.

Ila kuna kimoja kinanikwama, na hapa nakutaka wewe. Kwa nini maji yanajaa mara mbili kwa siku na mwezi ni mmoja? Ninavyoelewa, mwezi unavuta upande wa karibu kuliko unavyovuta kitovu cha Dunia, na kitovu kuliko upande wa mbali, kwa hiyo upande wa mbali unaachwa nyuma na maji yanatuna huko pia. Kwa kichwa nakubali. Kwa kuwaeleza watoto kwa Kiswahili, mdomo unakuwa mzito. Kwa Kiingereza nasoma tu kilichoandikwa, tunaandika, tunaondoka, na nadhani ndiyo maana uongo wangu umeishi miaka tisa bila mtu kuushtukia.

Nikataka basi angalau niwe na cha kuwaonyesha. Ndoo ndogo, maji nusu, kamba, unaizungusha juu ya kichwa na maji hayamwagiki. Kamba ndiyo mvutano, umeelewa. Nikafanya mazoezi uani Jumapili jioni. Mizunguko mitatu safi kabisa, Nasri anapiga makofi. Wa nne mkono wa ndoo ukachomoka. Mkono ukabaki na mimi, ndoo ikaenda moja kwa moja, mstari ulionyooka, na ikatua juu ya jiko la mkaa la Mama Mwenye Nyumba, maharage yake ndiyo yanaiva. Majivu, mvuke, kelele. Kisayansi ilikuwa sahihi kabisa, kamba ikiachia kitu hakiendelei kuzunguka, kinanyoosha. Nikajaribu kumweleza. Kodi ya mwezi wa tano kaitaka mapema.

Haya, ninachoomba. Ile darubini ya macho mawili aliyokuachia mjomba wako, bado unayo? Niazime. Ya shule ipo, imefungwa kabatini, funguo inasemekana anayo mtu aliyehama. Mpango wangu ni Julai wakirudi likizo, mvua imekwisha, tukae na watoto ufukweni upande wa giza. Msalaba wa Kusini utakuwa upande wa kusini, na zile nyota mbili kali pembeni yake zinazouonyesha. Moja ya hizo ndiyo jirani yetu, miaka ya mwanga 4.4. Nitawaambia mwanga utakaoingia machoni mwao usiku huo uliondoka kule wao wakiwa ndiyo kwanza wanaanza darasa la saba. Na lile kundi la nyota la Nge na moyo wake mwekundu. Juu ya rangi za nyota walinibishia sana, wanadai nyekundu lazima iwe ndiyo ya moto kuliko nyeupe. Nikawapeleka hadi getini kumtazama fundi wa kuchomelea: mkaa wa muuza mahindi mwekundu, cheche ya fundi nyeupe inakwenda buluu, kipi kitakutoboa? Huo mfano nimeuridhia.

Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota, hakitakuwepo jioni hizo. Ukitoka sasa hivi baada ya magharibi, kama huko Vwawa hakuna wingu, utakiona magharibi chini chini kinaaga, kitapotea mwezi ujao kisha kitoke alfajiri Juni. "Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Bibi alikuwa akisema hivyo kila masika nami nikidhani ni maneno tu ya wazee. Ni kalenda, Rehema! Jua linapita karibu yake na mwanga wake unakifunika, basi.

Na la pili. Wewe unakaa jirani na Kimondo cha Mbozi na sijawahi kupata picha hata moja. Nataka picha umesimama pembeni yake, na ushike kanga au futi kamba waone ukubwa. Maana mwezi unaanguka na kutukosa, hicho kimondo kilianguka na hakikutukosa. Kinasemwa kina kama tani 16, karibu chuma kitupu. Nikiwa nayo hiyo picha kwenye kipindi cha Alhamisi, nadhani nitaweza kuanzia hapo, na kisha nifike kwenye... sijui. Nafikaje?

Maana ndilo swali lenyewe hasa. Nikisimama mbele yao niseme nilikosea, wale wa mstari wa nyuma watanidhihaki hadi mahafali? Nimwite binti kwanza peke yake, au nimtaje mbele ya wote? Wewe yule mwaka uliokosea ramani ulisemaje, au ulinyamaza? Na wale niliowafundisha miaka minane iliyopita, mmoja ni mwalimu sasa huko Mkuranga, nimtumie ujumbe? Unadhani naye anawaambia hivyohivyo? Darubini unaweza kuipa basi la Jumatatu? Goti la Baba Nasri anywe nini? Na yule bwana wa Tunduma, umenyamaza ghafla, kuna nini?

Jibu kwa simu, usisubiri barua. Nimeweka vocha.

Shoga yako,
Mwanaidi

N.B. Mama Mwenye Nyumba kapita sasa hivi, kaniuliza kama ni kweli mwezi unaanguka. Nasri ndiye aliyemwambia. Anataka kujua kama utaangukia upande wetu.