Barua kwa vijana mnaoutaka uwaziri

Wanangu,

Nawaandikia mimi mwalimu mstaafu, baadhi yenu niliwafundisha kusoma. Juzi nilimsikia mmoja wenu redioni akiulizwa kuhusu kijana aliyeumizwa akiwa mahabusu. Akajibu, "Mimi sikuwepo." Jibu hilo limeninyima usingizi.

Mzee Ali Hassan Mwinyi naye hakuwepo. Mwaka 1976 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kule Shinyanga kulikuwa na mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi, na katika kuwasaka wauaji, vyombo vya dola viliwatesa watu waliokamatwa hata baadhi wakafia kizuizini. Waziri hakuagiza wala hakushika rungu. Lakini polisi walikuwa chini yake, naye akajiuzulu.

Alikuwa ametoka mbali: mwalimu, mkuu wa chuo cha ualimu Zanzibar, kisha Waziri wa Afya. Vyote hivyo aliviweka mezani. Akapelekwa Misri kuwa balozi, akakaa huko miaka kadhaa ndipo akarudi kwenye baraza. Januari 1984 Aboud Jumbe alipojiuzulu, yeye akashika urais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akampokea Mwalimu Nyerere kijiti cha urais wa Tanzania.

Nawasihi, habari hii msiisome kuanzia mwisho, kana kwamba aliacha uwaziri ili aje apate urais. Hakuna mtu anayepiga hesabu ya miaka minane akiwa amefiwa na watu mikononi mwa askari wake. Aliacha kwa sababu watu walikufa. Basi.

Najua kinachowashika. Ni nyumba ya serikali, ni shangingi, ni ndugu wote waliokwisha kuzoea kupiga simu. Kwa hiyo siku ile ile ya kuapishwa, kaa na mwenzio chumbani mkubaliane mtalala wapi cheo kikiondoka kesho. Kama ni kwa mama kijijini, semeni ni kwa mama kijijini, na paa lake mlitengeneze mapema. Halafu tembeleeni mahabusu bila kutoa taarifa, usiku, mwulize kila mmoja jina lake na siku aliyoingia.

Na wewe wa redioni, mwanangu, mama wa kijana yule bado yupo. Nenda nyumbani kwake, uende bila kamera.

Babu yenu