KUH: MALALAMIKO KUHUSU GHARAMA NA MUDA WA MIRATHI YA MAREHEMU BABA YETU

Kwa Mkuu wa Kampuni ya Mawakili,
Mombasa.

Bwana,

Nakuandikia kama msimamizi wa mirathi ya baba, kwa niaba ya mama na ndugu zangu. Bili yenu ya mwisho imetufikia, lakini kabla sijailipa nataka majibu ya maandishi.

Tulipoleta cheti cha kifo na barua ya chifu, karani wenu alisema miezi mitatu tu, mambo yatakuwa tayari. Mama akayashika maneno hayo, akakopa chamani akitegemea akiba ya baba iliyo benki. Wakili yeyote anajua miezi mitatu haitoshi. Ombi la usimamizi hutangazwa kwanza katika Gazeti Rasmi na wenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ya usimamizi ikishatolewa, kwa kawaida hungojewa miezi 6 ndipo mahakama iithibitishe, na kabla ya hapo hakuna shamba linalogawanywa.

Linaloniuma zaidi ni hili. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinamruhusu msimamizi kuomba hati ithibitishwe kabla ya miezi hiyo 6 kwisha, ikiwa wategemezi wote ni watu wazima na wameridhia. Kwetu hakuna mtoto mdogo: kitindamimba wetu mwenyewe ana mke na watoto, na fomu za ridhaa sote tulizitia sahihi mbele yenu. Ombi hilo hamkulipeleka wala hamkututajia. Nililisikia masijala ya mahakama, nilipokwenda kuulizia faili, kazi ambayo tayari tulikuwa tumewalipa ninyi.

Na hiyo bili yenyewe! Ada tuliyopatana sina neno nayo. Lakini "ushuru wa mirathi" ni upi? Kenya iliufuta mwaka 1982, na baba amefariki miaka miwili iliyopita. "Ufuatiliaji" nao umeandikwa mara tatu bila risiti hata moja, na ada za mahakama na za Gazeti mmezitia fungu moja, hatujui serikali imechukua ngapi na ofisi yenu ngapi.

Ndani ya siku 14 naomba bili yenye mchanganuo, risiti zote, na fedha za ushuru huo zirudishwe. Nieleze pia kwa nini ombi la kifungu cha 71 halikupelekwa. Mkinyamaza, nitaomba bili ikadiriwe mahakamani, na barua hii itafika kwa Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili. Salio silipi mpaka nijibiwe.

Wako,
Msimamizi wa mirathi