Barua kwa binti yangu aliye Malta: vuka uende Valletta

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mombasa hatujambo sote, twamshukuru Mola. Mama yako mzima, na mdogo wako amemaliza mitihani yake salama.

Ujumbe wako nimeusoma nikausoma tena. Wasema kazi ya kuwauguza wazee hapo Sliema ni nzuri ila yachosha, siku ya mapumziko walala tu, na jioni watembea kando ya bahari ukiitazama Valletta, mji mkuu wa huko, ng'ambo ya maji. Na bado hujavuka. Hilo ndilo lililonikalisha kitako niandike. Feri ya hapo ni mwendo wa dakika chache. Vuka, mama, uuone mji ule kabla hujauzoea kwa mbali ukawa kama picha ya kalenda.

Wajua mimi Valletta niliingia kwa meli, miaka ile ya 1990 nilipokuwa baharia. Meli yetu ilipelekwa gudini kutengenezwa, na magudi yako upande wa pili wa bandari kuu, kwenye miji mitatu ya zamani: Birgu, Bormla na Senglea. Tuliingia alfajiri. Mkono wa kulia ngome ya St Elmo, mkono wa kushoto ngome ya Ricasoli, na katikati mlango wa maji ambao nahodha yeyote akiutazama ajua kuwa adui hapiti hapo ila kwa idhini ya mizinga. Kisha jua likapanda. Kuta zote ni za jiwe la chokaa la huko huko, na jua la asubuhi likilipiga hugeuka manjano ya asali. Nilikuwa omo, mbele ya meli, na kamba mkononi, serangi, msimamizi wetu, akapiga kelele niangalie kazi.

Kwa hiyo sikiliza ninavyokupangia. Feri ya Sliema itakushusha upande wa Marsamxett. Hapo waona ubavu wa mji tu. Panda ngazi, ukate mji kwa miguu mpaka upande wa pili. Haufiki hata kilomita moja kwa upana. Utafika bustani ya Upper Barrakka. Siku hizi kuna lifti ya kukushusha mita 58 hadi majini, ilifunguliwa 2012. Sisi tulikuwa twashuka kwa ngazi. Pale chini panda dgħajsa, vile vimashua vya rangi rangi, uvuke hadi Birgu. Ukiwa katikati ya maji, geuka nyuma. Hapo ndipo utaiona Valletta yenyewe, kwa sababu mji ule ulijengwa ili utazamwe na mtu aliye chomboni.

Habari za mwanzo wake utazisikia kwa kila mwongoza watalii, nami sitazirefusha. Wale mashujaa wa St John, chama cha wapiganaji wa Kikatoliki, walifukuzwa kisiwa cha Rhodes na Sultan Suleiman wa Waturuki mwaka 1522, wakapewa Malta na mfalme Charles wa Tano mwaka 1530 kwa kodi ya mwewe mmoja kila mwaka. Mwezi Mei 1565 Suleiman akatuma majeshi yake huko pia. St Elmo, ngome ndogo iliyo kwenye ncha, ilishikilia karibu mwezi mzima ndipo ikaanguka, tarehe 23 Juni. Birgu na Senglea hazikuanguka. Septemba Waturuki wakaondoka, na mwaka uliofuata, 1566, mkuu wa mashujaa, Jean de Valette, akaweka jiwe la msingi la mji mpya juu ya kile kilima kitupu kilichowasumbua vitani. Yeye mwenyewe alifariki 1568, mji haujakamilika.

Vita ile husimuliwa kwa upande mmoja, na wewe ni Mwislamu, utasikia maneno yatakayokuuma. Sikwambii ubishane wala uchague upande. Maiti za mashujaa zilifungwa kwenye misalaba ya mbao zikasukumwa majini zielee hadi Birgu. Na de Valette akajibu kwa kuwachinja mateka wa Kituruki, vichwa vyao vikarushwa kwa mizinga. Hapakuwa na aliyetoka na mikono safi. Na waliokufa wengi ukutani walikuwa Wamalta wenyewe, wavuvi na wakulima, ambao hakuna aliyewauliza kama wanawataka mashujaa hao kisiwani kwao.

Lakini liko jambo moja ambalo mimi, mtu wa bahari, silisahau. De Valette aliwahi kutekwa baharini mwaka 1541 akafungwa mnyororo, akavuta makasia katika galei za maadui zake karibu mwaka mzima. Na Turgut Reis, yule amiri wa Kiislamu aliyekuja kuizingira Malta akauawa pale pale, naye alitekwa na Wajenoa wa Italia mwaka 1540, akavuta makasia miaka kadhaa mpaka alipokombolewa. Watu wawili waliojua vizuri mjeledi wa galei ulivyo, na wote wawili walipopata madaraka wakawafunga wengine kwenye makasia yale yale. Nikikaa peke yangu huliwaza hilo, na bado linanishinda.

Ndiyo sababu nakuomba, popote utakapopita Valletta, uwatafute walio chini ya sitaha. Majumba yatakuonyesha mabwana. Malta ilikuwa soko kubwa la watumwa, Waislamu wengi, waliotekwa kwenye merikebu na pwani za Afrika ya Kaskazini. Walivuta makasia, walibeba mawe ya ngome, usiku walifungiwa gereza lao humo humo mjini. Mwaka 1749 walipanga kuasi. Siri ikatoka, wakauawa kwa mateso makali. Walikuja kuachwa huru Juni 1798, Napoleon alipokiteka kisiwa. Sisi watu wa pwani, wenye kumbukumbu zetu za utumwa, hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Ukiugusa ule ukuta, ujue umegusa kazi ya nani.

Na ni kazi, mwanangu! Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikupeleka Fort Jesus, ukawa wapenda kukimbia mpaka kwenye pembe za ngome. Zile pembe zilizotokeza nje kama kichwa cha mshale ndizo utakazozikuta Valletta, ila huko ni kubwa mara nyingi. Ni elimu ya Waitaliano wa karne ya 16. Valletta ilichorwa na Francesco Laparelli, aliyetumwa na Papa, na Mmalta Girolamo Cassar akaiendeleza. Fort Jesus ilichorwa na Giovanni Battista Cairati wa Milano, na Wareno wakaanza kuijenga mwaka 1593. Siri yake ni rahisi: ukuta ulionyooka hauwezi kujilinda chini yake, adui akifika miguuni pake mizinga ya juu haimpati. Pembe ikitokeza, mizinga ya ubavu wa pembe moja husafisha uso wa pembe jirani, basi hapabaki mahali pa kujificha. Simama juu ya handaki kwenye lango la mji, utazame chini, utaelewa mara moja. Lango lenyewe la sasa na bunge lililo kando yake ni kazi ya Renzo Piano, msanifu majengo wa Kiitaliano. Nimeyaona pichani tu, utaniambia wewe.

Tazama pia njia zao. Zimenyooka kutoka bahari hadi bahari, upepo upite. Kila nyumba ilitakiwa iwe na birika lake la maji ya mvua chini ya ardhi, kwa kuwa mji uliozingirwa hufa kwa kiu kabla ya risasi. Hata hivyo maji hayakutosha, na kati ya 1610 na 1615 likajengwa daraja la maji kuyaleta kutoka sehemu za juu za kisiwa. Na roshani za mbao zilizofungwa, za kijani na nyekundu, zipige picha umletee mama yako. Atadhani ni Mji wa Kale wetu wa Mombasa.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Wewe ni muuguzi. Ukishuka kuelekea St Elmo, mkono wako wa kulia, ukingoni mwa bahari, kuna jengo refu la Sacra Infermeria, hospitali ya mashujaa, iliyoanza kujengwa mwaka 1574. Siku hizi ni ukumbi wa mikutano, lakini waingia. Usiniambie umeona Valletta kama hujaingia humo.

Wodi kuu ina urefu wa mita 155 hivi. Jaribu kuipiga picha akilini ikiwa na vitanda pande mbili, mgonjwa na kitanda chake, wakati ambapo hospitali nyingi za Ulaya ziliwalaza wagonjwa wawili watatu kitanda kimoja. Chakula kilipakuliwa kwenye sahani za fedha, na fedha ilisaidia usafi, huoshwa ikang'aa. Mashujaa wale wale waliokuwa wakichoma merikebu baharini walikuwa na zamu za kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yao, maana chama chao kilianza Yerusalemu kama chama cha kuuguza mahujaji, panga zilikuja baadaye. Mwaka 1676 mkuu wao Nicolas Cotoner akaanzisha humo shule ya anatomia na upasuaji. Wasiokuwa Wakatoliki, na watumwa, walilazwa vyumba vya kando. Wanawake hawakulazwa kabisa. Hospitali yao iliasisiwa na mwanamke, Caterina Scappi, katika karne ya 17, na jina lake hutalisikia sana kwenye vipaza sauti vya mabasi ya watalii. Sahani za fedha? Wafaransa walizichukua 1798 wakaziyeyusha.

Mimi nilisimama mwisho wa ile wodi, sikujua kama siku moja nitakuwa na mtoto wa kazi hiyo. Wewe unayemgeuza mzee kitandani saa nane za usiku asipate vidonda, utaiangalia ile sakafu kwa jicho ambalo mimi sina. Ningependa kujua utaona nini.

Kanisa la St John usilipite. Funika mabega, vaa viatu bapa, sakafu yote ni makaburi ya marumaru ya rangi na visigino vyembamba hawaviruhusu. Dhahabu ni nyingi mno kwa roho yangu. Ila ingia chumba cha pembeni utazame mchoro mkubwa wa Caravaggio wa mwaka 1608, kuchinjwa kwa Yahya, amani iwe juu yake. Kuna bibi kizee pale kwenye mchoro ameshika kichwa chake kwa mikono miwili. Kati ya watu wote waliosimama ni yeye peke yake anayehuzunika. Na chini kabisa, kwenye damu iliyomwagika, mchoraji ameandika jina lake kwa rangi ile ile ya damu. Mwaka huo huo alifungwa ngomeni, akatoroka, na mashujaa, waliokuwa wamempokea chamani mwao, wakamfukuza mbele ya mchoro wake mwenyewe.

Jipange uwe Upper Barrakka saa sita mchana. Mizinga iko chini ya bustani na mmoja hupigwa saa hiyo, tena saa kumi alasiri. Enzi za Waingereza mlio huo uliwasaidia manahodha kusawazisha saa zao za safari, na saa ikikosea, meli haijui iko wapi baharini.

Na ukiwa hapo, tazama bandari uiwaze tarehe 15 Agosti 1942. Malta ilikuwa imezingirwa tena, na ndege za Wajerumani na Waitaliano safari hii. Chakula na mafuta yalikuwa yanakaribia kwisha. Msafara wa meli 14 za mizigo ukatoka Uingereza. Tisa zilizamishwa, tano zikafika. Ya mwisho kufika ilikuwa Ohio, meli ya mafuta. Ilipigwa kwa topido na mabomu, injini zikafa, mgongo wake ukavunjika. Manowari zikaibana kushoto na kulia kwa nyaya isizame, zikaikokota hivyo hivyo, sitaha ikikaribia kulingana na maji, mpaka ndani ya bandari hii. Watu walijaa kuta zote za Valletta wakishangilia. Nahodha wake, Dudley Mason, alipewa nishani. Mabaharia waliofia vyumba vya injini katika zile meli tisa hawana nishani wala kaburi. Waombee, walikuwa watu wa kazi yangu. Karibu na Lower Barrakka kuna kengele kubwa ya ukumbusho wa watu 7,000 waliokufa katika mzingiro huo wa 1940 hadi 1943.

Ukiwa na njaa, watakuonyesha pastizzi, maandazi ya matabaka yenye njegere au jibini ndani. Uliza kwanza mafuta gani yametumika, maana wengine hutumia ya nguruwe. Beba maji, na usiende mchana wa Agosti.

Ukivuka kwenda Senglea, kwenye ncha yake kuna kibanda cha mlinzi cha mawe kilichochongwa jicho na sikio. Kutoka hapo utayaona magudi yetu. Niambie meli gani zimo na zina bendera za wapi. Muulize mwenye mashua kama mabaharia bado wateremka jioni kununua sigara Bormla, au siku hizi hawaruhusiwi kutoka.

Mama yako akusalimu sana, asema ule vizuri na upige simu Ijumaa.

Ni mimi baba yako.